X ya kijani isiyo na tarehe ya malipo ni utwaaji wa mali

Ndugu Mhariri,

Kando ya barabara kuu za Tanzania Bara zipo nyumba ambazo kuta zake zimebeba X ya kijani kwa miaka. Wakazi wa huko wanaijua tofauti ya rangi. Nyekundu ni amri ya kubomoa kwa gharama zako mwenyewe. Kijani ni ahadi ya kulipwa fidia siku barabara itakapolihitaji eneo lako. Kasoro ni kwamba ahadi hiyo haina tarehe. Mwenye nyumba hajalipwa na hajaondolewa, lakini hathubutu kuongeza chumba, hapati mnunuzi wa maana, na benki ikiiona ile X kwenye picha za mthamini inarudisha faili. Hoja yangu ni moja: zuio la namna hiyo, likikaa bila malipo na bila ukomo, tayari ni utwaaji wa mali, na sheria tulizonazo zikisomwa kwa pamoja zinatosha kulidai hivyo.

Nianze na vipimo, maana ugomvi mwingi huanzia hapo. Zamani hifadhi ya barabara kuu, ule ukanda uliotengwa kwa ajili ya barabara, ilikuwa mita 45, yaani mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara Namba 13 ya mwaka 2007, pamoja na kanuni zake za mwaka 2009, iliipanua hadi mita 60, yaani 30 kila upande. Kati ya mstari wa zamani na mstari mpya kuna ukanda wa mita 7.5, na humo ndimo zilimo X za kijani. Watu wa barabarani wana namna yao ya kuligawa jambo hili: aliyejenga ndani ya 22.5 ameifuata barabara, na aliyejenga nje ya hapo akakutwa na 30 amefuatwa na barabara. Mgawanyo huo ni sahihi kisheria, na ndio msingi wa haki ya fidia.

Sasa, mita 22.5 kutoka katikati ya barabara ipi? Barabara inapofumuliwa na kujengwa upya, mhandisi hunyoosha kona, huhamisha daraja, au hupitisha lami ubavuni mwa njia ya zamani. Katikati inahama, mita 3 hapa, mita 8 kule. Anayepaka rangi akianza kuvuta utepe kwenye mstari mweupe wa lami ya leo, nyumba iliyokuwa mita 26 kutoka katikati ya barabara ya zamani inaweza kusomeka iko mita 20, na kijani ikageuka nyekundu. Rangi ikigeuka, fidia yote imekwenda. Kwa hiyo mwenye nyumba asibishane na rangi, abishane na mstari. Aombe kwa maandishi kutoka TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania, ambao ndio wenye barabara kuu na za mikoa, mchoro unaoonyesha mstari wa kati uliotumika na mwaka wake. Kisha mpima ardhi aliyesajiliwa anaweza kuurudisha mstari wa zamani kwa kutumia ramani za upimaji za viwanja jirani, kwa sababu viwanja vilivyopimwa miaka hiyo vilipangwa kwa kuiachia nafasi hifadhi ya wakati ule. Ukipata vigingi viwili vya zamani vilivyosimama pande zote mbili za barabara, una ushahidi mzito kuliko barua kumi za mwenyekiti.

Wala 22.5 si kipimo cha kila mahali. Mwaka 2017, katika bomoabomoa ya Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kiluvya, hifadhi iliyotajwa ilikuwa mita 121.5 kila upande, kwa kutegemea sheria ya barabara ya tangu mwaka 1932 na matangazo yaliyotolewa chini yake. Hati ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa haikuambii lolote kuhusu Tangazo la Serikali la zamani kama hilo. Anayenunua kiwanja kando ya barabara aulize upana wa hifadhi ya kipande kile cha barabara, apewe jibu lenye saini, ndipo atoe fedha.

Nikija kwenye haki yenyewe, swali la kwanza ni tarehe. Mtu alipata lini ardhi, alianza lini kujenga, na kanuni mpya ilianza lini? Sheria yetu ya Tafsiri ya Sheria inasema kwamba kufutwa kwa sheria hakuondoi haki, maslahi au milki iliyokwisha kupatikana chini ya sheria ile. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Municipality of Mombasa dhidi ya Nyali Limited la mwaka 1963, iliweka kanuni ambayo mahakama zetu zinaitumia hadi leo: sheria inayogusa haki za msingi za mtu haisomwi kurudi nyuma isipokuwa nia ya kufanya hivyo iwe wazi, ilhali sheria inayogusa taratibu tu inaweza kurudi nyuma. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kusema kwamba kupanua hifadhi kutoka 22.5 hadi 30 ni mabadiliko ya utaratibu. Kunagusa umiliki.

Haki iliyokwisha kupatikana, hata hivyo, ina mipaka, na wanaodai fidia hujiangusha wanapojifanya haina. Mtu mwenye mchoro wa nyumba sebuleni na ambaye hajachimba hata msingi anamiliki ardhi, hamiliki haki ya kujenga nyumba ile milele. Aliyepata kibali cha ujenzi halali, akaagiza nondo, akamwaga zege la msingi kabla mpango wa eneo haujabadilishwa, huyo amejifunga kwa fedha zake kwa kuiamini mamlaka, na kumgeukia baada ya hapo kunadai kwanza asikilizwe na kisha alipwe. Haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu imo katika Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, si hisani ya afisa mipango miji. Aliyejenga bila kibali yuko mahali pabaya zaidi kuhusu jengo, lakini ardhi yake, kama aliipata kihalali, inabaki kuwa mali na inalipwa. Na aliyeingiza matofali usiku baada ya tangazo la utwaaji au baada ya uthamini kuanza hana anachodai kwa matofali hayo. Tarehe hiyo ya ukomo imewekwa kwa makusudi, ili mradi usigeuke kuwa shamba la kuvuna fidia. Mamlaka nazo ziitendee haki: tarehe ya ukomo ibandikwe, isomwe kwenye mkutano wa mtaa au kijiji, na iandikwe kwenye muhtasari wa mkutano. Tarehe iliyokaa kwenye faili la ofisini tu haiwezi kumfunga mkulima aliyeko shambani.

Juu ya yote kuna Katiba. Ibara ya 24 inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na ya hifadhi ya mali aliyonayo kwa mujibu wa sheria, na inapiga marufuku kumnyang'anya mtu mali yake bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya kutoa fidia inayostahili. Katika shauri la Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani ilitamka mwaka 1994 kwamba hata miliki ya ardhi kwa mila ni mali inayolindwa na ibara hiyo. Ilikwenda mbali zaidi: fidia haiishii kwenye maendelezo kama nyumba na miti. Mtu akiwa ametia jasho lake katika ardhi, hata kama hakuna jengo, anastahili kulipwa. Hukumu hiyo ingepaswa kuwa inafahamika kwa kila mwenyekiti wa kijiji nchini.

Naitaja kwa sababu bado wapo maofisa wanaowaambia watu kwamba kiwanja kitupu hakilipwi. Msingi wao ni Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967, Sura 118, ambayo iliwekea vikwazo fidia ya ardhi isiyo na kitu. Lakini Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inasema ardhi yenyewe ina thamani, na kwamba mtu anayeondolewa au kuingiliwa katika ardhi yake alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Sheria hiyohiyo inasema kwamba sheria nyingine yoyote ya ardhi inayopingana nayo inaacha kutumika kwa kiwango cha mgongano huo. Anayenukuu ya 1967 peke yake anasoma nusu ya sheria. Na tuliangalie lile neno kuingiliwa. Sheria haikusema kuondolewa tu. Mtu aliyezuiwa kuitumia ardhi yake ameingiliwa, hata kama bado analala ndani ya nyumba.

Swali la kama zuio pekee ni utwaaji limezisumbua mahakama za nchi nyingine pia. Marekani, mwaka 1992, Mahakama ya Juu ilimsikiliza mtu aliyenunua viwanja viwili ufukweni South Carolina mwaka 1986 kwa dola 975,000. Miaka miwili baadaye jimbo likatunga sheria iliyomkataza kujenga nyumba ya kudumu hapo. Mahakama ilisema kanuni inayomwondolea mwenye ardhi matumizi yote ya kiuchumi ni utwaaji na inadai fidia, isipokuwa kama matumizi hayo yalikuwa yamekatazwa tangu awali na misingi ya sheria ya mali. Mwaka 1987 mahakama hiyohiyo ilikuwa imeshasema utwaaji wa muda nao unalipwa. Lakini mwaka 2002, katika shauri la kando ya Ziwa Tahoe, ilikataa kwamba zuio la miezi 32 la kusubiri mpango ni utwaaji moja kwa moja. Lazima mazingira yote yapimwe, muda ukiwamo. Hukumu za huko hazitufungi. Nazitaja kwa kipimo kimoja tu: kusubiri kwa muda unaojulikana, kwa ajili ya mpango unaoandaliwa, kunavumilika. Kusubiri kusiko na mwisho ni jambo jingine kabisa.

Na suala la ufukwe linatuhusu moja kwa moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, kingo za mito na maziwa ya asili. Sababu yake ni nzito na naiunga mkono: mmomonyoko, mafuriko na uchafuzi havibembelezwi. Ila mtu aliyepimiwa kiwanja na mamlaka yenyewe kabla ya mwaka 2004, akapewa hati, akalipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka, hawezi kuwekwa fungu moja na aliyejaza kifusi kwenye mkondo wa mto mwaka jana. Wa kwanza aondolewe ikibidi, na alipwe. Wa pili aondolewe.

Sasa fidia inakokotolewaje? Watu wengi husaini jedwali bila kulielewa, kwa hiyo niifafanue. Kanuni za mwaka 2001, Tangazo la Serikali Namba 78, zinataka thamani ya soko, ikitafutwa kwa mauzo halisi ya karibuni ya mali zinazofanana, au kwa pato la mali, au kwa gharama ya kuijenga upya pale mali ni ya aina ya pekee isiyo na soko. Juu ya thamani hiyo zinaongezwa posho. Posho ya usumbufu ni thamani mara wastani wa riba ya amana za kudumu za miezi 12 katika mabenki ya biashara wakati huo. Posho ya usafiri ni gharama halisi ya kusafirisha tani 12 za mizigo kwa umbali wa kilomita 20, kwa reli au barabara, ile iliyo rahisi. Posho ya makazi ni kodi ya soko ya nyumba ile kwa miezi 36. Hasara ya biashara ni faida halisi ya mwezi mara miezi 36.

Tuchukue mfano wa kukokotoa tu. Nyumba na kiwanja vimethaminiwa shilingi 60,000,000, na chumba cha mbele ni duka. Tuseme riba ya amana ni asilimia 8: posho ya usumbufu ni 4,800,000. Kodi ya nyumba kama hiyo iwe 150,000 kwa mwezi: posho ya makazi ni 5,400,000. Faida ya duka iwe 200,000 kwa mwezi: 7,200,000. Usafiri, kwa shilingi 1,000 kwa tani kwa kilomita, ni 240,000. Jumla ni 77,640,000. Zile 17,640,000 zilizoongezeka ndizo hupotea kimyakimya. Mwenye duka asiye na daftari la mauzo wala makadirio ya kodi ya mapato huandikiwa sifuri kwenye biashara, na hakuna anayemwambia kwamba kanuni zinataka hesabu zilizokaguliwa pale inapowezekana na inapofaa tu. Daftari la mauzo lililoandikwa kila siku, leseni, na risiti za manunuzi ni ushahidi. Mpangaji mwenye biashara naye ana madai yake mwenyewe, tofauti na ya mwenye nyumba, na asipoandikishwa siku ya uthamini inakuwa taabu kubwa kumwingiza baadaye.

Kuhusu muda, sheria iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Fidia inatakiwa kulipwa ndani ya miezi 6. Ikipita hapo inazaa riba kwa wastani wa riba ya amana za mabenki hadi siku ya malipo. Katika mfano wangu riba hiyo ni 517,600 kwa kila mwezi wa kuchelewa. Na chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, uthamini wa fidia unadumu miaka 2, na baada ya hapo unapaswa kurudiwa. Hapa ndipo mambo yanapoharibika. Mradi unathamini, bajeti haitoki, miaka 4 inapita, fedha zinakuja, na watu wanalipwa kwa jedwali lilelile la zamani bila riba na bila uthamini mpya. Saruji imepanda, kiwanja cha kuhamia kimepanda, na fidia imebaki pale ilipokuwa. Mfidiwa anapokea kwa sababu ya shida, anasaini kwamba amelipwa kikamilifu, na saini hiyo inatumika dhidi yake. Ukilazimika kupokea, andika kwa mkono wako juu ya saini kwamba umepokea kama sehemu ya malipo na unadai riba na tofauti ya thamani. Sentensi hiyo moja imebeba shauri zima.

Siku ya uthamini yenyewe ina mitego yake. Mthamini awe amesajiliwa, na taarifa yake haina nguvu mpaka iidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Kiongozi wa mtaa au kijiji awepo. Utapigwa picha ukiwa mbele ya mali yako umeshika kibao chenye namba yako. Iandike namba hiyo mahali, kwa sababu ndiyo itakayokufuata katika kila jedwali. Usisaini fomu yenye nafasi tupu. Hesabu mwenyewe miti na mazao pamoja na mthamini, kwa aina na kwa hatua ya ukuaji, kwa kuwa mche wa mwembe na mwembe unaozaa havilipwi sawa. Choo, kisima, uzio, tangi la maji la ardhini na sakafu ya nje ni maendelezo, na ndivyo vinavyosahaulika. Makaburi yana sheria yake ya mwaka 1969: kinacholipwa ni gharama za kufukua, kuhamisha, kuzika upya na ibada au matambiko yanayohitajika, kwa hiyo familia ijitokeze mapema kuyaonyesha. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa na akaunti ya benki. Pale mwenye mali amefariki, msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama kabla ya malipo. Fidia nyingi zimekwama kwa sababu ndugu waliandikisha jina la marehemu wakidhani watamalizana baadaye. Mwisho, omba nakala ya fomu na upige picha kila ukurasa.

Ushahidi wa tarehe, kwa mwenye X ya kijani, ndio roho ya madai. Barua ya toleo, hati, kibali cha ujenzi, risiti za kodi ya pango la ardhi, mkataba wa kwanza wa umeme, muhtasari wa mkutano wa kijiji uliogawa eneo, vyote vina tarehe. Picha za angani zilizopo Idara ya Upimaji na Ramani, na picha za setilaiti za miaka ya nyuma zinazoonekana bure kwenye intaneti, zinaweza kuonyesha paa lako lilikuwapo kabla ya mwaka 2007. Mlalamikaji mwenye paa linaloonekana katika picha ya mwaka 2004 hahitaji mashahidi wengi.

Ukifika mahali pa kudai mahakamani, njia imebadilika na wengi hawajui. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, shauri dhidi ya Serikali, halmashauri au wakala wake linafunguliwa Mahakama Kuu, Mwanasheria Mkuu wa Serikali akiunganishwa, baada ya notisi ya siku 90. Aliyefungua kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya dhidi ya mamlaka ya umma anapoteza muda wake. Na kuna mtego mkubwa kuliko huo. Sheria ya Ukomo wa Madai imeweka miaka 12 kwa shauri la kurudishiwa ardhi, lakini dai la fidia kwa jambo lililotendwa au kuachwa kutendwa kwa mujibu wa sheria lina mwaka mmoja tu. Katika mwaka huo kuna siku 90 za notisi. Anayekaa akisubiri ahadi za mikutano ya hadhara anaweza kuamka siku moja akiwa na haki isiyo na mlango wa kuingilia.

Hapo ndipo dhuluma ya X ya kijani inapokuwa kubwa zaidi. Kama saa ya ukomo inaanza kuhesabu siku alama ilipopigwa, basi Serikali inashinda kwa kukaa kimya. Kama inaanza siku ya kuondolewa, basi mwenye nyumba anaishi bila haki yoyote inayodaika kwa miaka yote ya katikati. Hakuna jibu kati ya hayo mawili linaloendana na Ibara ya 24.

Simlaumu mhandisi anayetaka barabara pana. Malori ni mengi, ajali ni nyingi, na ukanda wa mita 60 una maana yake. Ninachoomba kwa Wizara zinazohusika na kwa Bunge ni marekebisho ambayo hayahitaji fedha mpya ili yaanze. Kila X ipigwe pamoja na karatasi yenye saini, tarehe, namba, umbali kutoka mstari wa kati na mwaka wa mstari huo. Uthamini ufanyike ndani ya miezi 6 tangu alama ipigwe. Malipo yasipofanyika ndani ya miaka 2, muda uleule ambao uthamini wenyewe unakufa, alama nayo ife: mwenye nyumba arudishiwe haki ya kukarabati, kujenga na kuweka rehani, na ikitakiwa tena baadaye athaminiwe upya pamoja na kila alichokiongeza. Riba ya ucheleweshaji iingizwe kwenye jedwali la malipo na ofisi inayolipa, bila mfidiwa kuiomba. Na mwaka mmoja wa kudai uhesabiwe kuanzia siku malipo yalipofanyika au yalipokataliwa kwa barua, si siku ya brashi na rangi.

Wako,
Mthamini wa ardhi na majengo
Dodoma